Kipupwe Alichoniuzia Mgaza

Safari hii sikuifanya kwa kutalii, wala kwa kupenda theluji. Niliifanya kwa sababu jirani yangu Yusufu alikuwa anampokea mama yake mzazi, ambaye hakumtia machoni kwa miaka tisa, na kwa sababu mimi, Festo wa Makambako, nilifungua mdomo wangu mkubwa nikamwambia: "Niachie mimi." Nawaandikia nyinyi mlioko nyumbani jinsi mambo yalivyokwenda. Mkiona hasira katika karatasi hizi, mjue ni zangu na hazijapoa.

Yusufu ni Mganda, Mnubi wa Bombo, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Aliondoka kwao wakati wa vurugu na nguo alizovaa tu. Hapa Stockholm anasafisha mabehewa ya treni za chini ya ardhi, na tunakaa jengo moja Fittja, yeye orofa ya pili, mimi ya tano. Tiketi ya mama yake iliyopatikana ilimpitisha Mosko hadi Helsinki, na huko mwanafunzi mmoja wa Kiganda akaahidi kumpandisha meli ya kuja Sweden. Meli hiyo haitii nanga mjini. Inashusha watu Kapellskär, bandari iliyo mbali kaskazini, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari.

Sasa sikilizeni lililokuwa gumu. Kibali cha mama kuingia nchini kilikuwa kimetumwa kwa Yusufu, barua halisi yenye muhuri. Hapakuwa tena na muda wa kuirudisha Uganda kwa posta, mama alikuwa ameshaanza safari. Askari wa bandari alimwambia Yusufu kwenye simu kwamba meli ingefika saa saba mchana na ingegeuza saa tisa. Mwenyeji awepo na barua mkononi. Asipokuwepo, mama angerudishwa na meli ile ile, na kule ng'ambo angerudishwa alikotoka. Mama wa miaka sabini!

Yusufu, kwa akili zake timamu, alitaka kupanda basi. "Kaka Festo, basi iko," aliniambia siku moja kabla. "Inatoka mjini asubuhi, inafika pale kabla ya meli."

"Basi?" nilimjibu. "Mama yako atoke Bombo hadi huku, umpokee kwa basi, na jirani yako ana gari? Watu watatucheka. Mimi nimeendesha lori Dar es Salaam hadi Tunduma miaka kumi na minne. Niachie mimi."

Mke wangu Anjela, aliyekuwa anakaanga vitumbua, alisema bila kugeuka, "Festo, wenzangu kazini wote wamebadilisha matairi tangu Novemba."

"Ya kwangu ni ya majira yote," nilimwambia. Nililisema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala.

Hapo ndipo inabidi niwarudishe nyuma kidogo, Oktoba, nikawaonyeshe Mgaza. Mgaza ni Mtanzania mwenzetu, kijana wa Tanga aliyekuja kusoma, masomo yakamshinda, biashara ikamkubali. Anauza matairi yaliyotumika katika gereji iliyo chini ya majengo ya Skärholmen. Ana maneno matamu huyo, anaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukamshukuru. Alinitolea matairi manne, meusi ti, kashata zake, yale meno ya mpira, bado nene, hata kidole kinazama.

"Mgosi," kwao Tanga ndiyo bwana, "haya ni ya majira yote," aliniambia. "Wenyewe wanayaita ya mwaka mzima. Ukishafunga umemaliza, huna haja ya kuhangaika kubadilisha mara mbili kwa mwaka kama Waswidi."

"Na kipupwe je?" nikamwuliza.

"Kipupwe?" Akalipiga tairi makofi mawili. "Kipupwe ndiyo penyewe hapo! Utaendesha kipupwe huku unapiga mluzi."

Watanzania tuliopo hapa tulikuwa na mazoea ya kuuita msimu wa theluji kipupwe. Wakenya wanatumia Kiingereza chao, Wakongo wana neno lao la Kifaransa, sisi tukang'ang'ania la nyumbani. Kwetu Makambako kipupwe ni Juni na Julai, unavaa sweta mbili, asubuhi umande unaganda juu ya majani ya maharage, na ukifika saa nne unavua sweta moja. Mimi nilidhani mtu aliyekua katika baridi hiyo hafundishwi baridi. Nikayafunga matairi ya Mgaza, na Desemba yote na Januari nikaendesha mjini, barabara zikiwa zimemwagwa chumvi, nikipiga mluzi kweli.

Saa nne asubuhi, Fittja. Ilikuwa Februari, jua limetoka lakini halina kazi. Kitasa cha mlango wa gari kilikuwa kimeganda nikakimwagia maji ya moto ya birika. Yusufu alishuka amevaa suti ya kijivu, ile aliyoazima kwa ajili ya harusi ya rafiki yetu na haijarudishwa hadi leo, na barua ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya shati, juu ya fulana. Kila baada ya dakika moja alikuwa anajigusa kifuani. Anjela alitupatia chupa ya chai na vitumbua, akaniambia, "Uende polepole." Nikamwambia asimfundishe dereva.

Saa nne unusu tulikuwa juu ya madaraja ya Essinge, mji wote chini yetu, maji yameganda meupe, na barabara imekauka nyeusi kama ya kiangazi. Niliweka kaseti ya dansi. Nikaanza kumsimulia Yusufu jinsi nilivyoshusha lori mlima Kitonga breki zikiwa zimekufa, kwa gia tu. Alikuwa anaitikia "eeh, eeh" kwa adabu, mkono kifuani.

"Mama atakuwa amevaa nini?" alisema ghafla. "Mimi sijui kama yeye ana koti."

"Nimeleta blanketi," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi."

Saa tano na nusu tuliipita Norrtälje, mji mdogo wenye madirisha ya taa, na hapo barabara ikabadilika tabia. Ile kubwa iliyomwagwa chumvi ikaisha. Tukaingia njia nyembamba inayopita katikati ya misonobari, na juu yake theluji iliyokanyagwa na magari mpaka ikang'aa. Kwenye kituo kimoja cha basi niligusa breki kidogo, gari likachelewa kusikia. Nilijua nimesikia jambo. Miguu ya dereva inajua kabla ya kichwa. Lakini kwa kiburi changu nilisema moyoni, majira yote, nikaongeza gia.

Saa sita kasorobo tulifika mteremko. Haukuwa mteremko wa kutisha, kwetu ungeitwa tambarare. Chini yake palikuwa na kona ya kushoto. Nikakanyaga breki, magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Nasema magurudumu hayakuzunguka hata kidogo, na gari linaendelea kwenda, limetulia, kwa adabu kabisa, kuelekea msituni! Nikakata usukani kushoto. Likaniona mjinga, likaenda kulia. Yusufu alisema "Bannange!", ile jamani ya Kiganda, mara moja tu, akakumbatia kifua chake kwa mikono miwili. Tukaingia mtaroni pua kwanza, theluji ikapanda hadi kioo cha mbele, injini ikazima, kaseti ikaendelea kuimba.

Hatukuumia. Theluji ilikuwa laini. Yusufu aliingiza mkono shatini, akaikuta barua, akaanza kuhangaika kufungua mlango. Nami nikatokea dirishani. Tulikuwa tumezama mapajani, tunapanda kwa mikono kurudi barabarani, ndipo tukasikia mlio wa gari kubwa.

Lilikuwa basi. Basi lile lile la kwenda bandarini, limekaa barabarani kwa utulivu, linashuka mteremko ule kama halijui una nini. Yusufu akanyoosha mikono yote miwili juu. "Simama! Simama, bwana!" Lakini alikuwa chini ya ukingo, kichwa na mikono tu ndivyo vinavyoonekana. Dereva alitazama kona, na mama mmoja wa dirisha la nyuma, Mungu ambariki, akatupungia mkono akidhani tunacheza kwenye theluji. Basi likapotea.

Yusufu hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikaa juu ya ukingo wa theluji na suti yake ya kuazima, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Basi iko, nilikwambia." Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Tulisimama pale nusu saa nzima. Magari mawili yalipita upande wa pili, hayakusimama. Yusufu alianza kutembea kwa miguu, anasema atafika. Nikamkimbilia nikamrudisha, maana zilikuwa zimebaki kilomita nyingi na viatu vyake vilikuwa vya ngozi ya harusini. Mimi nilikuwa namtukana Mgaza kwa Kiswahili, Kibena na Kiswidi. Kanipiga changa la macho, nilikuwa nasema, kaniona mshamba wa Makambako, kaniuzia mbuzi kwenye gunia.

Saa sita na robo ilikuwa imepita kidogo trekta lilipotokea kwenye njia ya shamba. Aliyekuwa juu yake ni mzee wa Kiswidi mwenye kofia ya masikio, jina lake Arne, ambaye mke wake alikuwa ametuona kwa dirisha la jikoni. Hakusalimia. Alishuka, akalizunguka gari langu, akachuchumaa penye gurudumu la nyuma, akavua glavu na kulibonyeza tairi kwa kidole gumba. Kidole hakikuzama. Tairi lile la Mgaza, lililokuwa laini Oktoba, lilikuwa limekauka gumu kama ubao wa mlango.

"Matairi gani haya?" akaniuliza.

"Ya mwaka mzima," nikamjibu, na nakiri nilijibu kwa majivuno kidogo hata hapo.

Akanitazama. "Mwaka mzima wapi?"

Jamani, nimeulizwa maswali mengi katika nchi hii, kuhusu dini yangu, kuhusu simba, kuhusu kama tuna nyumba. Hili ndilo la kwanza ambalo hadi leo najiuliza mwenyewe. Mwaka mzima wapi! Mwaka wa nani? Kuna nchi kusini huko ambako baridi ni mvua na upepo, na huko labda hayo matairi ni ya mwaka mzima kweli. Katika mwaka wa Arne kuna miezi minne ambayo matairi yale hayaijui.

Yusufu alishindwa kuvumilia. Akamweleza mzee yule kwa Kiswidi chake cha kazini, maneno yakikanyagana: mama, meli, saa tisa, barua. Akaitoa barua kifuani akamwonyesha. Arne aliisoma yote, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akairudisha ndani ya plastiki kwa uangalifu, akasema, "Kwa haya hamwendi," akafunga mnyororo.

Saa saba kamili, wakati meli inafika Kapellskär, gari langu lilikuwa linavutwa kinyumenyume kuingia uani kwa Arne. Bandani mwake alikuwa na magurudumu manne ya gari lake la zamani, gari la boksi kama langu kabisa, maana huku kila mtu wa makamo analo. Yalikuwa na rimu zake na yamejaa misumari midogo ya chuma iliyochomoza kwenye mpira. Mkewe Karin alitoka na kahawa. Nikamwambia hatuna muda, akaniwekea kikombe mkononi hata hivyo na kusimama hapo mpaka nimalize. Tukapiga jeki. Spana ilikuwa inanata kwenye vidole kwa baridi. Yusufu, ambaye hajawahi kubadilisha gurudumu maishani mwake, alifungua nati nne kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Nitakulipa," nilimwambia Arne nati ya mwisho ilipokaza.

"Uyarudishe ukipata ya kwako," akasema. "Na hayo mengine uyafunge Julai."

Saa nane kasorobo tukaondoka. Magurudumu yale yalikuwa yanasema krrr, krrr, krrr, yanang'ata barafu. Mteremko ule ule ulionitupa mtaroni niliushuka kama ngazi za nyumba yangu. Hapo badala ya kufurahi nikapandwa na hasira upya, kwa kuona jambo lilivyokuwa rahisi.

Saa nane na dakika ishirini, Kapellskär. Bandari yenyewe ni kibanda kirefu, bendera, upepo unaokata masikio, na meli imefungua mdomo inameza malori. Yusufu aliruka gari likiwa bado linatembea. Nikamfuata.

Mama Zaituni alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao karibu na mlango, mgongo wima, sanduku lake limefungwa kwa kamba ya katani, juu ya gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, amevaa koti la kiume. Mtu alikuwa amempa chai, hakuigusa. Askari mmoja wa kike alikuwa amesimama pembeni yake na karatasi mkononi, amejiandaa kumrudisha melini. Kwa kweli alikuwa ameshalinyanyua lile sanduku.

Yusufu alitaka kuitoa barua, vifungo vya shati vikamkataa. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Mwishowe akavikata kwa kuvuta, vifungo vikaruka sakafuni, akampa askari ile plastiki. Yule askari aliisoma, akatazama saa ya ukutani, akaliweka sanduku chini. "Mmekawia," alisema, akaingia ndani kupiga muhuri. Basi, kwisha. Dakika nne tu.

Mama hakusimama. Alikuwa anamtazama mwanawe aliyejaa theluji, kifua wazi, kichwa kimeanza upara.

"Nimekaa hapa, basi moja ilikuja," alisema. "Mimi nikaangalia watu wote kushuka. Mmoja mmoja. Wewe hukuwa ndani."

"Mama, gari iliteleza."

"Nikaambia hawa, mwanangu anakuja. Nikaambia kwa Kiswahili, nikaambia kwa Luganda. Hawakusikia. Nikasema basi, labda Yusufu amekufa na watu wameogopa kuniandikia."

Yusufu akapiga magoti pale penye matope ya theluji na kumwekea kichwa mapajani. Mimi niligeuka nikatazama malori. Nilikuwa nalia, na sina haya kusema, na kila chozi lilikuwa na jina la Mgaza juu yake.

Nilipokwenda kumwamkia nilisema "Shikamoo, mama," akanijibu "Jambo, mwanangu," maana kwao hawana marahaba. Akauliza mimi ni nani. Yusufu, kwa ukarimu wake, akasema, "Huyu ndiye aliyenileta." Nilitamani sakafu ipasuke.

Njiani kurudi, mama alikaa nyuma na blanketi hadi kidevuni. Baada ya muda akauliza ile sauti ni ya nini, krrr, krrr.

"Ni misumari, mama," nikamwambia. "Imo ndani ya matairi."

"Msumari ndani ya tairi!" akashangaa. "Kwetu msumari ikiingia kwa tairi, watu wanalia. Nyinyi mnainunua?"

Yusufu akacheka, mara ya kwanza siku ile. Giza lilikuwa linaingia ingawa ilikuwa saa kumi tu. Nilipokuwa nawasimulia habari za Mgaza, mama alisikiliza mpaka tulipofika Fittja. Anjela alikuwa anatungoja mlangoni na pilau. Wakati wa kunawa mikono ndipo mama aliposema, "Huyo mtu wa matairi nataka kumwona."

Jumamosi, saa tano asubuhi, Skärholmen. Tulikwenda watatu. Gereji ilikuwa na taa zake lakini mwenyewe hakuwepo, tukamngoja, mama amekaa juu ya tairi lililolazwa, amekunja mikono. Sikuwa na haja ya kumwona Mgaza ili nijue anakuja. Nilimsikia. Gari lilikuwa linashuka ile njia ya zege kuingia chini, na magurudumu yake yalikuwa yanasema krrr, krrr, krrr.

Ala! Sikuamini masikio yangu. Akaegesha, akashuka, meno yote nje. "Mgosi! Karibu, karibu. Vipi, matairi yanakwendaje?"

"Mgaza," nikasema, "gari lako limevaa matairi gani?"

Akayatazama kana kwamba kayakuta njiani. "Haya? Haya ni ya... ya hapa hapa."

"Na yale uliyoniuzia mimi?"

"Yale ya majira yote, si nilikwambia?"

"Majira yote ya wapi?" Nilipaza sauti hadi mwangwi ukanirudia. "Umenitupa mtaroni na jirani yangu! Mama huyu nusura arudishwe na meli! Nilikuuliza kwa mdomo wangu, na kipupwe je, ukanijibu nini?"

Basi mtu huyu akacheka. Nasema akacheka mbele yangu. "Mgosi, usinivunjie heshima mbele ya mama. Uliniuliza kipupwe. Kipupwe ni lini? Mimi mtu wa Tanga lakini kalenda naijua. Kipupwe ni Juni. Nenda kaendeshe Juni, yakiteleza niletee. Neno ulilisema wewe."

Nilikuwa nimeshika spana, na Yusufu akaishika pamoja nami, kwa bahati nzuri. Damu ilinichemka mpaka machoni. Mtu anakuuzia ubaya, halafu anajificha nyuma ya neno la nyumbani kwenu! Anajua ulichomaanisha, wewe unajua kwamba anajua, na bado amekutolea kalenda.

Mama Zaituni alisimama kwenye tairi lake. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Mgaza, mama."

"Mama yako yuko hai?"

"Yupo, mama. Yuko Tanga."

"Siku akija," mama akasema, "utakwenda kumpokea na matairi gani?"

Mgaza aligeukia magari. Akaangalia gari lake. Akaangalia langu. Kisha akavua koti, akachukua jeki, akaisukuma chini ya gari lake mwenyewe, akaanza kupiga. Rimu zake zilikuwa sawa na zangu. Hakusema "mgosi" hata mara moja.

Nilisimama hapo nimeridhika, mikono kiunoni. Nilikuwa natazama haki ikitendeka. Mama akanigeukia.

"Na wewe, dereva," akasema. "Yusufu alisema basi iko. Nani alikataa?"

Nilimwangalia Yusufu. Sijui alimwambia lini, labda usiku ule wa kwanza walipokuwa wanahesabiana miaka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mimi, mama," nikasema.

"Basi saidia mwenzako."

Nikapiga magoti kwenye zege kando ya Mgaza, tukafungua nati pamoja.

Jumapili nilimrudishia Arne magurudumu yake, nikiwa juu ya misumari ya Mgaza, na Karin akanipa tena kahawa ambayo sikuomba. Nilipotoka huko nilikuwa nimeamua jambo moja, nalo ndilo ninalowaletea. Nyumbani kwangu msimu huu hauitwi tena kipupwe. Tunauita vinta, kama wenyewe wanavyouita, na kipupwe tumekirudisha Makambako kwenye maharage yake. Atakayewauzia kitu cha majira yote, au cha watu wote, au cha mahali pote, mwulizeni swali la Arne. Na mkiwa mnajua kuendesha, mkaambiwa basi lipo, msijibu kama nilivyojibu mimi.

Hasira zangu kwa Mgaza zipo palepale. Lakini juzi Mama Zaituni alitaka kwenda Rinkeby kumtembelea mwanamke wa kwao aliyesikia yuko huko. Nikamwambia kwa furaha, mama, nitakupeleka, gari liko tayari, lina misumari minne minne kila unapogusa. Alikuwa anafunga kitambaa. Akaniuliza taratibu, "Treni haifiki huko?"

"Inafika, mama."

"Basi twende na treni."

Nikarudisha funguo kwenye msumari ukutani, nikavaa viatu.